Usaili wa kazi za programu: fikiri kwa sauti

Kila yanapotoka matangazo ya kazi za TEHAMA, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu huwa wa aina moja. "Kaka, habari za kazi. Nimeitwa usaili wiki ijayo, naomba unisaidie maswali yanayotokaga." Wengine huomba PDF moja kwa moja. Naelewa ombi hilo linatoka wapi. Toka darasa la saba mpaka kidato cha sita, kujiandaa kulikuwa ni kukusanya mitihani ya miaka iliyopita, kuikalia vikundi, na kuirudia mpaka mkono ujue wenyewe pa kwenda. Njia hiyo ilitufikisha chuo kikuu, kwa hiyo siibezi. Lakini kwenye usaili wa mtu anayeandika programu inakufikisha nusu ya njia tu. Nusu iliyobaki, yaani kufikiri kwa sauti mbele ya watu wasiokujua, ndiyo inayowaangusha wengi ninaowafahamu, tena wenye uwezo mkubwa.

Nimekaa pande zote mbili za meza, na miaka ya karibuni nimekaa zaidi upande wa wasaili. Ninachokiona mara kwa mara ni hiki: msailiwa anasoma swali, anainamia karatasi au skrini, kimya kinatanda. Dakika zinapita. Kisha anainua uso na kusema, "Nimemaliza." Jibu likiwa sahihi, sisi wa upande wa pili hatujui amefikaje. Huenda alilikariri usiku wa jana, huenda kalitafuta sasa hivi kwa akili yake, na hatuna namna ya kutofautisha. Jibu likiwa na kosa dogo, hatuna pa kumshikia ili tumpe alama za njia. Anaingia mwenzake, hamalizi hata swali lenyewe, lakini muda wote anatuambia anachokipima, anachokiacha na kwa nini anakiacha. Huyo tunatoka naye mle ndani tukijua kesho tukikaa naye dawati moja kazi itaendaje.

Sehemu kubwa ya malezi yetu ya darasani ilikwenda kinyume na hilo. Ukifungua mdomo kwenye chumba cha mtihani unahesabiwa umeibia. Mwalimu akiuliza anataka jibu, na anayenyoosha kidole ni yule mwenye uhakika. Anayebabaika anaambiwa akae chini. Nyumbani nako mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wakubwa mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu kwa ufupi. Sasa mchukue mtu huyo, ana miaka 24, mkalishe mbele ya jopo la watu wazima wenye suti, umwambie, "Tueleze unavyofikiri." Akikwama watu husema ana woga. Mimi naona tumemdai siku ile ustadi ambao hakuna aliyewahi kumdai kabla.

Na hata kwa wenzetu ambao shule zao huwasemesha sana, jambo hili ni zito. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wakishirikiana na Microsoft walichapisha utafiti juu ya usaili wa aina hii. Walichukua wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta wakawapa tatizo la kutatua ubaoni. Kundi moja lilitatua huku msaili akiwatazama na wakitakiwa kueleza mawazo yao. Kundi la pili waliachwa kila mtu peke yake chumbani na ubao wake. Waliotazamwa ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliokuwa kundi la kutazamwa walishindwa. Wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Watu 48 si wengi, na siwezi kujenga sheria juu yao. Lakini mimi kama msaili nilibadilika: siku hizi naanza kwa mazungumzo ya kawaida, namwachia mtu dakika chache za kulisoma swali bila kumkodolea macho, na dada akiingia kwenye chumba chenye wanaume watupu najua mzigo aliobeba ni mzito kuliko wa kaka aliyemtangulia. Kwa msailiwa somo ni jingine. Kutazamwa kuna gharama yake, na gharama hiyo hupungua kwa kuzoea. Basi mazoezi yako mengi yawe ya kutazamwa.

Kabla sijafika huko, niseme machache juu ya sura ya usaili wenyewe, maana hazifanani.

Kwa kazi za serikali hapa Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huendesha usaili kwa hatua: mchujo wa kuandika, vitendo kwa kada zinazohitaji, na mahojiano ya ana kwa ana. Mchujo wa Afisa TEHAMA ni mpana. Utakuta mitandao, kanzidata, usalama wa mifumo na programu kwenye karatasi moja. Kwa hiyo jua kwamba mtandao wa /26 (yaani biti 26 za anwani zinatambulisha mtandao wenyewe) una anwani 64 na zinazobaki kwa vifaa ni 62, na ujue hesabu hiyo imetoka wapi. Soma pia tangazo la kuitwa kwenye usaili neno kwa neno. Vyeti viwe halisi. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya cheti. Kama jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa si lile la chuo, shughulikia hati ya kisheria mapema. Inaumiza sana kumwona mtu kasafiri kutoka mkoani, kasoma miezi, halafu anarudishiwa mlangoni kwa sababu ya herufi mbili za jina la baba.

Kampuni binafsi zina mpangilio mwingine: simu fupi ya afisa rasilimali watu, mtihani wa mtandaoni kwenye HackerRank au mfano wake, pengine kazi ya kufanyia nyumbani kwa siku chache, kisha kikao cha kuandika programu ukitazamwa, na kwa wenye uzoefu kikao cha kusanifu mfumo. Waajiri wa nje wanaoajiri watu wa kufanya kazi kwa mtandao wakiwa Nairobi, Kigali au Dar es Salaam hufuata njia hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, nikuoneshe ninachokiita kufikiri kwa sauti. Nachukua swali jepesi linalojulikana sana, nalivika nguo za hapa. Wakala wa pesa kakupa orodha ya viwango vya miamala yake ya siku. Anakumbuka kuna miamala miwili ambayo ukiijumlisha inatoka shilingi 10,000, anataka kuijua.

Mtu wa kimya ataanza kuandika. Mtu ninayemtaka ataanza hivi: "Kabla sijaandika, niulize. Orodha inaweza kuwa tupu? Viwango vinaweza kujirudia, kwa mfano elfu tano mbili? Naruhusiwa kuhesabu muamala mmoja mara mbili? Jozi zikiwa zaidi ya moja, nirudishe ya kwanza au zote?" Maswali haya manne hayachukui hata dakika moja, na kila moja linaniambia kwamba huyu kesho hatakimbilia kujenga kitu ambacho mteja hakukiomba.

Kisha: "Njia ya wazi ni kuchukua kila muamala na kuulinganisha na mingine yote. Itafanya kazi. Lakini miamala ikiwa 100,000, jozi zinakaribia bilioni 5, kwa hiyo itachelewa. Nitaiandika kama hakuna bora, ila naomba nitafute bora." Hapo tayari ana alama. Ametoa jibu sahihi, amelipima, na amelikosoa mwenyewe kabla sijalikosoa mimi.

Halafu: "Nikiwa kwenye muamala wa 3,000, ninachokitafuta ni 7,000 tu. Kwa hiyo swali langu ni moja: 7,000 nimeshaiona? Nikiwa na hashi, yaani jedwali la kutafutia kitu moja kwa moja bila kupitia vyote, inayohifadhi viwango nilivyopita, naweza kujibu papo hapo. Napita orodha mara moja tu. Ninachopoteza ni kumbukumbu, maana ile hashi inaweza kukua kufikia ukubwa wa orodha yenyewe."

Na sehemu ninayoisubiri kwa hamu ni hii: "Nijaribu kwa mkono. Orodha ni 5,000, 3,000, 5,000. Nikihifadhi kwanza ndipo nitafute, ile 5,000 ya kwanza itajiona yenyewe na nitasema nimepata jozi kumbe ni muamala mmoja. Kwa hiyo nitafute kwanza, ndipo nihifadhi." Mpangilio wa mistari miwili tu, lakini umetenganisha programu nzima na programu mbovu, na ameuona kwa kujaribu mfano wa kubana kwa kalamu. Wengi hujaribu mfano uleule waliopewa na swali, wanaona umetoka, wanaweka kalamu chini.

Mifano ya kubana haimwachi mtu. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa waliojenga maktaba za lugha ya Java, alieleza hadharani kwamba utafutaji wa kugawanya nusu kwa nusu uliokuwa ndani ya maktaba hizo ulikuwa na kosa lililokaa miaka mingi bila kugunduliwa. Programu ilitafuta katikati kwa kujumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho kisha kugawa kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla hiyo inapita 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 zenye alama, na inageuka kuwa hasi. Dawa yake ni fupi: chukua mwanzo, ongeza nusu ya tofauti. Ukiweza kulisema hilo kwenye usaili, na kueleza kwa nini, jopo litaamka.

Sasa mazoezi. Kuna binti mmoja aliyekuwa amemaliza chuo akawa anakuja ofisini jioni tufanye majaribio ya usaili. Akili yake kali, programu zake safi, lakini nikimpa swali ananyamaza. Nikamuuliza kulikoni.

"Kaka, mimi nikinyamaza ndiyo nafikiri vizuri."

"Nyamaza, dada. Ila niambie unanyamaza kwa ajili ya nini."

Tukakubaliana awe anasema sentensi moja kabla ya kila kimya: "Naomba nusu dakika, nalinganisha njia mbili." Au: "Hapa nimekwama, sijui nianzie mwisho wa orodha au mwanzo, naomba nichore." Kimya kilichotangulizwa na maneno kama hayo kinavumilika kabisa, hata kikiwa kirefu. Baada ya muda sentensi zile zikawa zinamtoka zenyewe, kisha zikaanza kurefuka, na ghafla nikawa nasikia kichwa chake kinavyofanya kazi. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyokuwa nikidhani.

Lugha nayo ina nafasi yake hapa. Usaili mwingi huendeshwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo jopo zima litakwenda kula chakula cha mchana likiongea Kiswahili. Ushauri wangu ni kuanza mazoezi kwa lugha unayofikiria. Mweleze mwenzako suluhisho kwa Kiswahili mpaka lieleweke bila wewe kurudi nyuma, kisha lieleze lile lile kwa Kiingereza. Ukianza na Kiingereza unabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na ukikwama hutajua umekwamishwa na lugha au na swali. Nimewaona watu waliojidhania hawajui miti na grafu, zile namna za kupanga data zenye matawi na viungo, kumbe walikosa maneno tu ya kuunganishia sentensi.

Jirekodi kwa simu ukitatua swali, kisha usikilize. Haipendezi, lakini utasikia mahali ulipopotea, mahali uliporudia neno moja mara nyingi, mahali uliporuka hatua ukidhani umeisema. Tafuta mtu wa kubadilishana naye: leo wewe msaili, kesho yeye. Anapokaa upande wa msaili asicheke, asikusaidie haraka, asitikise kichwa. Kipa hazoeshwi penalti kwa kuangalia video peke yake. Lazima kuna mtu wa kupiga mpira. Ukikosa mtu, programu za akili bandia kama ChatGPT zinaweza kukuuliza maswali na kukukosoa, mradi uiambie mapema isikupe jibu. Inafaa kwa kujipima. Ila haikukodolei macho, na macho ya watu ndiyo unayotaka kuyazoea. Na siku yenyewe usiitumie kwa siri. Msaili mzoefu husikia tofauti kati ya mtu anayefikiri na mtu anayesoma, na swali la "kwa nini hukutumia njia nyingine?" humaliza ubishi.

Watu huniuliza wafanye maswali mangapi ya LeetCode, ile tovuti ya maswali ya mazoezi ya programu. Siamini katika kuhesabu. Chukua machache kwa kila mada, yafanye, yaache wiki nzima, kisha yarudie bila kutazama ulichoandika mwanzo. Uliloweza kulirudia na kulieleza ni lako. Anza na orodha, mafungu ya herufi na hashi, kisha foleni, utafutaji na upangaji, ndipo miti na grafu. Zile mbinu nzito za kuhifadhi majibu ya matatizo madogo ili kujenga jibu la kubwa ziache mwisho, isipokuwa unalenga kampuni kubwa za nje. Kwa soko la hapa kwetu ningekusihi uongeze SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, mara mbili ya unavyodhani inatosha. Maswali yake huwa kama haya. Mshahara wa pili kwa ukubwa katika kila idara. Wateja ambao hawajawahi kununua kitu. Tofauti ya WHERE na HAVING. Nimeona vijana wenye uwezo wa kuandika algoriti ngumu wakishindwa kuunganisha majedwali mawili bila kupoteza safu.

Kuna kikao kimoja ambacho kwa maoni yangu sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kukifanya vizuri kuliko mtu yeyote, nacho ni cha kusanifu mfumo. Nikiwa msaili napenda kuuliza hivi: tengeneza mfumo wa kuuza tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu.

Wengi huanza kunitajia majina ya teknolojia. Kubernetes, foleni za ujumbe, seva zilizosambazwa mabara matatu. Nawasimamisha: kampuni ina mabasi mangapi? Tuseme 50, kila moja viti 50, safari moja kwa siku. Hizo ni tiketi 2,500 kwa siku, haifiki tiketi mbili kwa dakika. Katikati ya Desemba, Moshi na Arusha zinapoita watu wake, zidisha mara kumi: tiketi 25,000, kama 17 kwa dakika. Kanzidata moja iliyopangwa vizuri inabeba mzigo huo bila kutoa jasho. Ukishaifanya hesabu hiyo kwa sauti, umejua kwamba ugumu hauko kwenye wingi wa watu. Uko kwenye kiti kimoja, wateja wawili, na pesa iliyoko njiani.

Wateja wawili wanaona kiti namba 14 kiko wazi. Wote wanabonyeza kwa sekunde moja. Programu ikiuliza "kiko wazi?" kisha ndipo iandike "kimechukuliwa", kati ya kuuliza na kuandika kuna upenyo, na wote wawili wanapita humo. Kwa hiyo iachie kanzidata ikatae: weka kanuni kwamba safari na namba ya kiti kwa pamoja haviwezi kujirudia kwenye jedwali la viti vilivyoshikwa, na anayechelewa ataambiwa achague kingine. Hili wasailiwa wazuri hulifikia.

Kinachofuata ndicho kinachowatenganisha. Umemshikia mteja kiti kwa dakika 10 ili alipe. Mfumo wako unatuma ombi la malipo kwa mtandao wa simu, kwenye simu yake unatokea ujumbe wa kuweka namba ya siri, na jibu la malipo linarudi kwako baadaye kwa njia yake lenyewe. Akiweka namba ya siri dakika ya 9 na jibu likafika dakika ya 11, kiti umeshampa mwingine na pesa umeshaipokea. Unafanya nini? Unaweza kukataa kutuma ombi la malipo muda ukiwa umebaki mdogo. Unaweza kurefusha ushikiliaji maadamu kuna malipo yasiyojulikana hatima yake. Na bado itabidi uwe na njia ya kumrudishia mtu pesa au kumhamishia kiti. Jibu lile likifika mara mbili, je? Namba ya muamala isijirudie kwenye jedwali lako, ili la pili lisifanye lolote. Lisipofika kabisa? Usisubiri milele, kuwe na kazi inayopita kila baada ya muda na kuuliza hali ya muamala. Aliyewahi kuunganisha mfumo na Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, atakumbuka kwamba jibu lenye msimbo 0 ni malipo yamepita, na 1032 ni mteja ameghairi, na kwamba hayo mawili ni mepesi. Kinachosumbua ni ukimya. Mteja akibonyeza "Lipa" mara mbili kwa sababu mtandao unasuasua? Mpe ombi lake namba ya utambulisho mara ya kwanza, na kila marudio yabebe namba hiyo hiyo.

Msailiwa akifika hapo kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Na kondakta pale stendi ya Magufuli saa 12 asubuhi, abiria anamwonesha ujumbe wa malipo lakini jina halimo kwenye orodha, anafanyaje?", kwangu mimi huyo ameshafaulu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Kizazi kinachosailiwa leo kimekua kikiona muamala unaokwama, ujumbe unaochelewa, pesa iliyotumwa namba isiyo yenyewe na kurudishwa. Vitabu vya kusanifu mifumo huyaeleza haya kama matukio ya nadra. Sisi tunayajua kwa majina ya majirani yaliyowakuta. Tumia ujuzi huo, tena mbele ya msaili wa London au Toronto uutumie zaidi, maana yeye pengine ameusoma tu.

Wasifu wako nao ni karatasi ya maswali. Kila neno uliloandika pale umeruhusu liulizwe. Mradi wa mwaka wa mwisho ndio huulizwa kuliko vyote, na swali huwa moja: wewe ulifanya kipi? Tumezoea kusema "tulifanya", na ni adabu nzuri, lakini jopo linaajiri mtu mmoja. Sema kwamba mlikuwa wanne na wewe uliandika sehemu ya malipo, kisha ueleze uamuzi mmoja uliofanya na njia uliyoikataa.

Kwa usaili wa mtandaoni, angalia saa mara mbili. Ukiitwa saa nne asubuhi ya New York, kwetu ni saa 11 jioni majira yao ya joto na saa 12 jioni majira ya baridi, kwa sababu wao husogeza saa Machi na Novemba na sisi hatusogezi. Kwenye barua pepe andika saa kwa mfumo wa saa 24 na utaje ukanda, usitegemee "saa tano" ya mtu yeyote. Laptopu ichajiwe, bando liwe kwenye laini mbili za mitandao tofauti, na umeme ukikatika sema hapo hapo kwamba unahamia simu. Watu huelewa wakiambiwa. Juu ya mshahara, jua unachotaka kabla hujaulizwa na ueleze kama ni kabla au baada ya makato.

Na ukikosa? Usaili huu ni kipimo chenye mapungufu, na wanaouendesha wanalijua hilo. Max Howell, aliyetengeneza Homebrew inayotumiwa na wasanidi wengi wa Mac, aliandika mwaka 2015 kwamba Google ilimkataa baada ya kushindwa kugeuza mti wa matawi mawili ubaoni. Miaka miwili kabla, Laszlo Bock aliyekuwa akisimamia rasilimali watu Google alikiri kwamba yale mafumbo ya mipira mingapi ya gofu inaenea kwenye ndege yalikuwa kupoteza muda. Kwa hiyo ukikosa, jioni ile ile andika maswali uliyoulizwa na pale sauti ilipokatika, ulale, kesho yake anza na hapo ilipokatika.

Mwishoni jopo litakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Waulize mfumo wao ukianguka saa nane usiku nani anapigiwa simu, na mara ya mwisho ulianguka kwa nini. Waulize programu ikiandikwa leo inachukua muda gani kuwafikia wateja, na nani mwingine anaisoma kabla ya hapo. Mara nyingi nyuso hubadilika, wanaanza kujibu wakikatizana, mmoja anasimulia lile tatizo la mwezi uliopita ambalo bado halijaisha. Vuta kiti, uliza swali la pili juu ya tatizo hilo, na uendelee kufikiri kwa sauti pamoja nao.